Vitambaa vya sare kutoka Guangzhou

Swali: Harusi yangu ni Aprili, hapa Dar es Salaam. Nataka kuagiza vitambaa vya sare China. Niagize lini?

Jibu: Kabla ya Novemba kuisha, dada yangu. Mwaka Mpya wa Kichina huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20, na viwanda vingi hufungwa. Meli nayo huweza kuchukua zaidi ya mwezi.

Rangi ya kwenye simu usiiamini hata kidogo. Omba kipande cha sampuli kije kwa ndege, kitazame juani, kisha agiza majora yote kwa mkupuo pamoja na yadi za akiba. Ukiongeza baadaye, kitambaa kilichotiwa rangi siku nyingine huenda kisilingane, na kwenye picha tofauti itaonekana.

Muulize wakala anayekusafirishia mzigo kama bei yake imejumuisha ushuru wa forodha. Usimalize malipo kabla ya kuona picha za mzigo.