Maua ya Mikebe Wakati wa Baridi

Hapa Lubumbashi mwezi wa sita na wa saba mvua hapana, na usiku baridi ni kali. Mwaka jana tuliona majani ya maua ya darasani yanageuka manjano, tukasema: yana kiu. Tukamwanga maji kila asubuhi. Yakafa karibu yote. Kuyang'oa, mizizi ilikuwa imeoza!

Sababu ni hii: kwa baridi ua halikui mbiyo, linakunywa kidogo tu. Udongo ukilowana siku zote, mizizi inakosa hewa. Basi ingiza kidole ndani ya udongo. Kama chini kuna unyevu, acha kwanza. Lakini mukebe bila tundu chini, hata kidole haiwezi kusaidia. Zamu ya maji tumeifuta. Sasa ni zamu ya kidole.