Mwenye Wimbo ni Nani? Nyimbo za Wasonjo na Mafunzo ya Biashara ya Muziki Vyuoni

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili suala ambalo mafunzo ya muziki wa kisasa vyuoni hayana budi kulikabili: ni nani mwenye wimbo pale msanii anapouchukua wimbo wa jamii yake na kuupeleka sokoni? Mfano unaotumika ni wa Wasonjo, wajiitao Batemi, wa Digodigo na vijiji jirani wilayani Ngorongoro.

2.0 Kijiji na Chuo

Kijana wa Digodigo atakaye kusomea muziki anaweza kubaki mkoani Arusha, katika Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, au kwenda Bagamoyo, ambako Chuo cha Sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981 kiligeuzwa kuwa TaSUBa mwaka 2007. Popote aendapo, hufika na hazina ya nyimbo asizozitunga yeye, zikiwamo zile za sherehe za Khambageu. Robert F. Gray, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1963, alionyesha kuwa maji ya mifereji ya Wasonjo yalisimamiwa na baraza la wazee, wenamiji. Mtu alikuwa na zamu ya maji. Hakuwa na mfereji. Dhana hiyo ya kutumia bila kumiliki hugongana na desturi ya studio, ambamo kila wimbo hudaiwa jina la mtunzi.

3.0 Sheria

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inatenganisha mambo matatu. Mtunzi ana hakimiliki. Mwimbaji, mtayarishaji wa rekodi na kituo cha utangazaji wana hakishiriki. Sanaa za jadi nazo zina sehemu yake ya pekee: kuzitumia kwa faida nje ya mazingira yake ya asili huhitaji idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa. Hivyo mwanafunzi anayeupangia ala mpya wimbo wa kijiji aweza kudai mpangilio na uimbaji wake, lakini si wimbo wenyewe. Hata hivyo, idhini ya chombo cha taifa si idhini ya wazee wa Digodigo.

4.0 Hitimisho

Somo la biashara ya muziki lisiishie kwenye mikataba na mirabaha. Lianze na asili ya wimbo: nani aulizwe, nani atajwe, na kijiji kipate nini. Asiyefunzwa hayo aweza kuhitimu akiwa mwimbaji hodari, na bado akarudi nyumbani akiwa mdaiwa.