MADA: UANDISHI WA MAKALA YA MTANDAONI KWA SIMU JANJA

Malengo
Baada ya kusoma mada hii, mtahiniwa aweze:
(i) kueleza maana ya makala ya mtandaoni na tofauti yake na insha ya darasani;
(ii) kufuata hatua za kuandika na kuchapisha makala kwa kutumia simu janja;
(iii) kubaini makosa yanayoweza kumharibia mwandishi au msomaji.

Utangulizi
Makala ni utungo wa nathari unaoeleza au kujadili jambo moja ili lisomwe na umma, kwa mfano katika gazeti, jarida au mtandao. Insha ya darasani husomwa na mwalimu, naye huisahihisha kabla kosa halijamdhuru mtu. Makala unayoichapisha mwenyewe mtandaoni haina mwalimu wala mhariri wa kuizuia. Ukishabonyeza kitufe cha kuchapisha, watu wanaweza kuinakili na kuituma kwa wengine hata kama wewe utaifuta baada ya dakika tano. Kwa hiyo mwandishi wa simu hufanya kazi ya watu watatu: mwandishi, mhariri na mchapishaji.

Tuchukue mfano mmoja tutakaoutumia hadi mwisho: unataka kuandika makala kuhusu magofu ya Kilwa Kisiwani, mkoani Lindi.

Hatua za kufuata

*1. Chagua jambo moja.* “Historia ya Kilwa” ni mada ya kitabu kizima. “Nani walijenga Kilwa Kisiwani?” ni mada ya makala. Skrini ya simu ni ndogo na msomaji ana haraka. Maneno 400 hadi 600 yanatosha.

*2. Kusanya taarifa na andika zilikotoka.* Fungua programu ya kuandikia kumbukumbu katika simu. Kila taarifa iandikie chanzo chake: kitabu gani, au nani alikueleza na lini. Ukimhoji mzee, mwombe ruhusa kwanza, kisha umrekodi kwa simu hiyohiyo.

*3. Andika rasimu bila intaneti.* Zima data. Utaokoa kifurushi na hutasumbuliwa na jumbe. Zima pia usahihishaji wa maneno wa simu kama umewekwa kwa Kiingereza, kwani unaweza kugeuza “hata” kuwa neno lingine kabisa nawe usione. Aya ziwe fupi, za sentensi tatu au nne.

*4. Hakiki kila taarifa.* Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo yenye uzito kuliko zote. Tuseme katika rasimu yako umeandika:

“Kilwa Kisiwani ni mji uliojengwa na Wareno.”

Sentensi hii umeipata katika ujumbe uliosambazwa. Jiulize maswali mawili: Nani amesema? Amejuaje? Kisha linganisha tarehe. Wareno waliuvamia mji wa Kilwa mwaka 1505. Lakini msafiri Ibn Battuta kutoka Moroko alifika Kilwa mwaka 1331, akaukuta mji mkubwa wenye sultani wake. Mji uliokuwapo mwaka 1331 hauwezi kuwa ulijengwa na watu waliofika zaidi ya miaka 170 baadaye. Sentensi yako ni ya uongo, tena si uongo mdogo: umewanyang’anya wenyeji wa pwani kazi ya mikono yao na kuwapa watu waliouteka mji huo. Mwanafunzi mwingine akiinakili, kosa litafika darasani kwake.

Sasa andika upya:

“Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, aliukuta mji wa Waswahili uliostawi kwa biashara. Wareno waliuvamia mwaka 1505, wakati mji huo ulikuwa na umri wa karne nyingi. Mwaka 1981 magofu yake, pamoja na ya Songo Mnara, yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.”

Aya hii haina maneno makubwa, lakini kila sentensi ina jambo ambalo mwandishi anaweza kulitetea akiulizwa.

*5. Hariri kwa sikio.* Soma makala kwa sauti. Panapokukata pumzi, gawa sentensi. Kisha mpe mtu mwingine aisome kwenye simu yake.

*6. Weka picha.* Piga picha mwenyewe, au omba ruhusa kwa mwenye picha na umtaje. Punguza ukubwa wa picha kabla ya kuipakia ili ukurasa usimmalizie msomaji kifurushi.

*7. Chapisha.* Unaweza kutumia huduma ya bure kama Blogger au WordPress: fungua akaunti, anzisha chapisho jipya, bandika makala, andika kichwa, tazama itakavyoonekana, ndipo uchapishe. Njia nyingine ni kuituma kwa baruapepe kwa mhariri wa gazeti. Pia unaweza kuchangia Wikipedia ya Kiswahili, ambako maoni binafsi hayaruhusiwi na kila taarifa huhitaji chanzo.

Mwandishi na sheria
(a) *Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015*, kifungu cha 16, inakataza kuchapisha kwa makusudi taarifa za uongo kwa nia ya kukashifu au kupotosha umma. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili.
(b) *Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999* inalinda kazi za watu. Kunakili makala ya mwingine na kuweka jina lako ni wizi.
(c) *Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022* inalinda taarifa za watu. Usiweke namba ya simu, hali ya afya au makazi ya mtu bila ridhaa yake.
(d) Anayetoa huduma ya habari mtandaoni anahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Ukitaka kuanzisha ukurasa wa habari, waulize TCRA kwanza.

Zingatia
Kama shule yako hairuhusu simu, fanya mazoezi haya wakati wa likizo. Hatua ya 1, 2, 4 na 5 unaweza kuzifanya kwa kalamu na karatasi, nazo ndizo zitakazokusaidia katika chumba cha mtihani.

Maswali ya kujipima
1. Eleza tofauti tatu kati ya insha ya darasani na makala ya mtandaoni.
2. Soma rasimu ifuatayo, kisha bainisha makosa manne:
“Kila mtu anajua kuwa mji mkongwe wa zanzibar ni mzuri kuliko miji yote duniani. Nimesikia waongoza watalii wa huko wote ni matapeli. Picha hii nimeitoa mtandaoni, sijui ni ya nani.”
3. Andika makala ya maneno yasiyozidi 250 kuhusu jengo, mti au kisima chenye historia katika eneo lako.

Mwongozo wa swali la 2
(i) Kutia chumvi: “kila mtu anajua” na “kuliko miji yote duniani” ni madai yasiyothibitika. (ii) Kukashifu kundi zima kwa jambo la kusikia. (iii) Kutumia picha bila ruhusa ya mwenyewe. (iv) Tahajia: majina ya mahali huanza kwa herufi kubwa, yaani Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Katika swali la 3, kabla ya kukabidhi karatasi, rudia kila sentensi na ujiulize: Nani amesema? Amejuaje? Sentensi isiyo na jibu, ifute.