Goti Jipya na Usiku Wake: Mafunzo Niliyopata

Anayebadilishiwa goti hufundishwa kutembea. Mimi nilifundishwa kushika fremu, kupanda ngazi kwa kutanguliza mguu mzima na kushuka kwa kutanguliza uliopasuliwa, kukaa kitini na kuinuka. Kuhusu kulala nilielezwa tu kwamba nitapewa dawa za maumivu. Nikarudi nyumbani Tanga, na mchana nikawa mtu wa kupongezwa na kila aliyekuja kunitazama. Ikifika saa nne za usiku, nyumba imetulia, goti linaanza. Baadaye nilipozungumza na wenzangu waliopitia upasuaji huo huo, niliwakuta na malalamiko yale yale: mchana wanajikaza, usiku wanakesha. Ninayoandika ni yale yaliyonisaidia, pamoja na sababu zake, maana mgonjwa anayejua kwa nini anaumia huvumilia vizuri zaidi kuliko anayekisia.

1. Maumivu ya usiku si dalili kwamba chuma kimekataa

Hofu hii humkamata karibu kila mtu. Unalala, goti linapwita, unawaza kwamba upasuaji umeharibika. Basi ni vizuri kujua kilichofanyika humo ndani. Daktari hukata ncha ya chini ya mfupa wa paja na ncha ya juu ya mfupa wa muundi, akazivika vyuma, mara nyingi vya mchanganyiko wa kobalti na kromu au vya titani, kisha katikati akaweka plastiki ngumu ichukue nafasi ya gegedu lililosagika. Kwa hiyo unauguza kidonda cha mfupa na misuli. Mshono wa nje hukauka mapema, wa ndani huendelea kupona kwa miezi.

Usiku nao una tabia zake. Homoni ya kotisoli, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kutuliza uvimbe, hushuka kabisa karibu na usiku wa manane. Maji yaliyojikusanya mguuni tangu asubuhi bado yapo. Kiungo kilichokaa bila kusogezwa kinakakamaa. Na akili, ambayo mchana ilikuwa na wageni, redio na wajukuu, sasa haina kingine cha kushughulikia. Wengi husumbuka zaidi katika wiki 6 za mwanzo, kisha hali inalegea kidogo kidogo kuelekea mwezi wa tatu. Hata joto unalolisikia ukiweka kiganja juu ya goti linaweza kubaki kwa miezi, na peke yake, bila homa wala kidonda kuvuja, halina ubaya.

2. Usiku mbaya huanzia mchana

Kijana aliyekuwa akinifanyisha mazoezi alinifungua macho kwa swali moja.

“Shikamoo mama. Umelalaje?”

“Marahaba, mwanangu. Nimekesha.”

“Na jana, kuanzia saa tisa mpaka jua linazama, ulikuwa wapi?”

Nilikuwa sebuleni, nimekaa kitini, mguu umening’inia, naongea na wageni. Kwetu mgonjwa hutazamwa, na heshima ni kukaa na mgeni wima, umhudumie chai, umsindikize walau kwa macho. Lakini mguu uliopasuliwa ukining’inia kwa saa nyingi hujaa, na uvimbe ule ndio unaokungoja kitandani. Tangu siku hiyo niliwapokea wageni nikiwa nimejinyoosha kwenye kochi, mguu juu ya mito mpaka ukapita usawa wa moyo, na hakuna aliyeona vibaya. Watu wakielezwa sababu huelewa haraka, wengine hata walinipangia mito wenyewe.

Tulipanga pia mazoezi. Yale mazito ya kukunja goti tuliyafanya asubuhi, mara nyingine alasiri, na magharibi ikiingia ilikuwa kazi imekwisha. Kutembea nilikugawa vipande vifupi vya mara kwa mara badala ya safari moja ndefu ya kuonyesha ushujaa. Goti lililofanyishwa kazi kupita kiasi saa kumi na mbili jioni halitulii saa nne usiku.

Na chai na kahawa vikomee mchana. Kafeini hukaa mwilini kwa saa nyingi, na sisi watu wa pwani tunakaribishwa kahawa kila tunapobisha hodi. Usingizi wa mchana nao niliupunguza ukawa wa muda mfupi, kabla ya alasiri.

3. Mto hauwekwi chini ya goti

Hili ndilo ningependa kila nyumba yenye mgonjwa ilishike, kwa sababu anayelikosea hulikosea kwa upendo. Binti anamwona mama yake anaugulia, anakunja mto mnene anausukuma chini ya goti. Mama anapumua. Ni kweli, goti likikunjwa kidogo maumivu hupungua, kwani nafasi ndani yake huongezeka. Ubaya ni kwamba tishu zinazopona zikizoea mkunjo huo hufupika, na goti linashindwa kunyooka. Mtu asiyenyoosha goti hutembea kwa kuchechemea, misuli ya paja inachoka mapema, na kulirudisha goti hilo baada ya miezi ni kazi ngumu yenye maumivu makali kuliko yale aliyokuwa anayakimbia.

Mto uende chini ya shavu la mguu na kisigino, goti libaki hewani na uzito wake wenyewe ulivute chini linyooke. Nilifanya hivyo kwa dakika 10 hadi 15 kila mara, si usiku kucha, kwa sababu kisigino kilichokandamizwa muda mrefu hupata kidonda. Kwa kulala kwenyewe, mwanzoni nililala chali. Baadaye, kwa ruhusa, nilianza kulala ubavu wa mguu mzima, mto mrefu katikati ya miguu kutoka gotini hadi kwenye kifundo ili mguu wa juu usidondoke na kulipinda goti. Usiku wa kwanza niliolala ubavu nililala vizuri kuliko nilivyokuwa nimelala tangu nitoke hospitalini.

4. Dawa hufuata saa

Ukisubiri maumivu yapande ndipo umeze kidonge, kidonge kitachukua nusu saa au zaidi kufanya kazi, na wakati huo usingizi umeshakimbia. Mume wangu aliandika saa za dawa kwenye karatasi akaibandika kabatini, na dozi ya usiku tukaiweka kama saa moja kabla ya kulala, ndani ya ratiba ile ile aliyotuandikia daktari.

Parasetamoli ndiyo msingi, nayo ina mpaka: kwa mtu mzima asiye na tatizo la ini, gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na wenye miili midogo au ini dhaifu hupewa chini ya hapo. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani, kwa hiyo soma karatasi kabla ya kuchanganya. Diklofenaki, ambayo kwetu inauzwa kila duka la dawa, nisingeigusa bila kumuuliza daktari, hasa kwa mtu anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama wengi wetu tunavyotumia baada ya upasuaji huu, au mwenye vidonda vya tumbo, presha au figo. Tramadoli husaidia lakini hufunga choo na huleta kizunguzungu, na ikichanganywa na vidonge vya usingizi inaweza kudhoofisha upumuaji. Jirani mwenye huruma akikuletea kidonge chake cha usingizi, mshukuru na ukiweke pembeni.

5. Barafu, na umeme ukikatika

Barafu kwa dakika 15 hadi 20 kabla ya kulala ilinifaa kuliko nilivyotarajia. Hatukuhitaji kifaa cha duka: tulitumia barafu za mifuko, zile za kuuza, zikapondwa, zikatiwa kwenye mfuko wa nailoni mzima usiovuja, zikafungwa kwa kanga. Umeme ukikatika tulikuwa na jirani wa kumwendea. Kidonda kisilowe, na barafu isiguse ngozi. Hapo kuna jambo linalosahaulika. Upande wa nje wa kovu huwa na ganzi, kwa sababu vijishipa vidogo vya fahamu hukatwa wakati wa kupasua. Sehemu hiyo haitakuambia kwamba inaungua kwa baridi. Tazama saa, usitegemee kuhisi.

6. Kitanda, chandarua na njia ya chooni

Kitanda chetu kilikuwa cha chini. Mume wangu na kijana wa jirani waliingiza matofali chini ya matendegu, imara, yasiyotikisika, na kuinuka kukawa rahisi. Godoro la chini sakafuni halimfai aliyebadilishiwa goti, wala choo cha kuchuchumaa. Kama hakuna choo cha kukaa, kiti chenye tundu na ndoo chumbani kinatosha kwa wiki za mwanzo.

Chandarua hatukukiacha, Tanga kuna mbu. Ila cha duara kilikuwa kinaning’inia mpaka miguuni na kunasa kwenye fremu, tukabadilisha cha pembe nne, na upande ninaotokea tukauchomeka mwisho. Mkeka na zulia viliondolewa njiani. Tochi ilikaa ninapoifikia bila kujigeuza. Maji nilikunywa kwa wingi mchana na kidogo baada ya isha, kwa kuwa kila safari ya chooni usiku, mwili ukiwa na dawa, ni nafasi ya kuanguka.

7. Ukiamka saa nane usiku, sogea

Kubaki umelala kimya ukihesabu saa kunaongeza mkakamao. Mimi nilianza na vifundo: kuvuta vidole vya miguu kuelekea kwangu, kisha kuvisukuma, mara nyingi, taratibu. Zoezi hilo linasukuma damu kutoka kwenye shavu la mguu, na ndilo lile lile linalosaidia kuzuia kuganda kwake. Kisha nateleza kisigino juu ya shuka, nakunja na kunyoosha goti bila kulilazimisha. Likikataa kutulia, naketi pembeni ya kitanda, natembea hatua chache kwa fremu, narudi. Simu nilikuwa naiacha sebuleni. Kuna usiku niliukamilisha kwa kusali nikiwa nimekaa kitini, na kitini huko ndiko nilikosalia miezi yote ya kupona.

8. Yapo maumivu yasiyosubiri kukuche

Mguu ukivimba ghafla kuliko kawaida yake, shavu la mguu likiuma, likiwa jekundu au moto kwa kuguswa, huenda damu imeganda ndani. Pumzi zikikata au kifua kikichoma ghafla, kipande cha damu hiyo kinaweza kuwa kimefika mapafuni, na hapo ni kuondoka usiku huo huo kwa usafiri wowote uliopo. Homa yenye kutetemeka, kidonda kinachotoa usaha, au maumivu yanayozidi siku hadi siku badala ya kupungua, yapelekwe hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki. Haya niliwafundisha wote wa nyumbani, pamoja na mjukuu mkubwa, kwa sababu mgonjwa mwenyewe huenda akawa wa mwisho kukubali kwamba hali si ya kawaida.

9. Anayekuuguza naye alale

Binti yangu alikesha na mimi mpaka akaanza kusahau saa za dawa. Tukagawana: yeye mpaka saa sita, baba yake kuanzia hapo, na kengele ndogo ya mkononi kwa ajili ya kuita. Nilipojua kwamba sikumzuia mtu usingizi wake, wangu ulikuja kwa urahisi zaidi.

10. Maswali ya usiku yaulizwe kabla ya upasuaji

Anayejiandaa aende na maswali haya yameandikwa, na asitoke chumba cha daktari mpaka yajibiwe: Dawa ya usiku nimeze saa ngapi, na ikishindwa niongeze nini? Dawa zangu za presha na sukari zinaelewana nazo? Nianze lini kulala ubavu? Soksi za kubana nilale nazo au nizivue? Na ikiwa saa nane usiku kuna jambo linanitisha, nimpigie nani?