SOMO LA ROBO HII: Alama Inayong'aa – Jinsi Maabara Inavyohesabu Virusi Katika Damu



Hapa Tukuyu na katika vijiji vya Rungwe, anayetumia dawa za VVU huombwa kutoa damu ya kupima wingi wa virusi. Wengi huuliza: "Si nilishapimwa? Kwa nini tena?" Tujifunze pamoja ili tuweze kuwajibu.

1. Kinachotafutwa

Kipimo cha kwanza hutafuta askari wa mwili waliotengenezwa dhidi ya VVU. Askari hao hubaki hata dawa zikifanya kazi vizuri, hivyo hakitujulishi maendeleo ya tiba. Kipimo cha wingi wa virusi hutafuta RNA, yaani molekuli inayobeba maagizo ya kirusi. Kila kirusi cha VVU kina nakala mbili.

2. Alama inavyotiwa

RNA haionekani kwa macho. Ni lazima itiwe alama, kama mkulima wa kahawa anavyotia alama gunia lake lisipotee ghalani. Watafiti wengine huunganisha rangi kwenye ncha ya RNA yenyewe kwa kemikali. Kwa VVU, kimeng'enya kwanza huinakili RNA kuwa DNA. Kisha huwekwa kipande kifupi cha DNA kilichounganishwa na kemikali mbili: moja hung'aa, nyingine huzima mwanga huo. Kipande kikishika nakala ya kirusi, hukatwa, kemikali hutengana na mwanga hutokea.

Nakala huongezeka maradufu kila mzunguko. Kwa mizunguko 30, nakala moja huweza kuzaa zaidi ya bilioni moja. Mwanga ukiwahi, virusi ni vingi. Ukichelewa, ni vichache.

3. Kwa nini inatuhusu

RNA huharibika upesi. Kutoka Tukuyu hadi Mbeya mjini ni kama kilomita 70. Damu ikicheleweshwa njiani bila ubaridi, au kadi ya matone ya damu isipokauka vizuri katika mvua zetu, jibu laweza kupotosha. Mgonjwa ambaye dawa zimemshinda anaweza kuonekana mzima. Kwa hiyo mafuta ya pikipiki na sanduku la baridi ni sehemu ya tiba.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipimo hiki mwaka 2013. Mwaka 2023 lilieleza kwamba anayeendelea na dawa, na virusi vyake havionekani kwenye kipimo, hana hatari ya kumwambukiza mwenzi wake kwa kujamiiana. Hiyo ni habari njema kwa ndoa nyingi.

4. Kazi ya kamati

- Tuwakumbushe watu tarehe za kupima: miezi 6 baada ya kuanza dawa, miezi 12, kisha kila mwaka.
- Tuwahimize kufuata majibu yao. Jibu lililobaki kabatini halimsaidii mtu.
- Tusimwulize mtu majibu yake. Hiyo ni siri yake na mhudumu wa afya.

Maswali ya kujadili

1. Ni vijiji gani katika parokia yetu hukwama kwa usafiri wakati wa masika?
2. Tunawezaje kusaidia bila kufichua siri ya mgonjwa?