Msamaha wa chanjo California: kabla hujauomba, soma kadi

Mzazi unayehamia California na mtoto wa shule, barua ya dini au ya msimamo wa familia haifui dafu kule. Sheria ya SB 277, iliyoanza kutumika shuleni Julai 2016 baada ya mlipuko wa surua uliohusishwa na Disneyland, iliufunga mlango huo. Umebaki msamaha wa kitabibu.

Nao una njia moja tu tangu Januari 2021. Jisajili kwenye tovuti ya jimbo iitwayo CAIR-ME, upewe namba ya ombi, uipeleke kwa daktari mwenye leseni ya California. Daktari wako wa Dar es Salaam, hata awe bingwa, hawezi kuutoa. Kujaza fomu ni bure. Ukidaiwa pesa, kataa. Sababu inayokubalika ni nzito, kama mzio mkali uliompata mtoto baada ya dozi, au kinga ya mwili iliyoshushwa na dawa za saratani. Homa ya usiku mmoja haimo. Na usimkimbilie daktari anayesifiwa kwa kugawa misamaha: akifikisha mitano kwa mwaka, jimbo linaikagua. Ukifutiwa, una siku 30 za kukata rufaa, na mtoto anaendelea kusoma hadi uamuzi utoke.

Lakini wengi wanaohangaikia msamaha wana tatizo jingine: kadi ya kliniki haijatimia. Itazame. Dozi ya surua ya miezi 9, ya kawaida Kenya na Tanzania, haihesabiwi, kwa kuwa California inataka mtoto awe ametimiza mwaka. Ya miezi 18 inahesabiwa kwa surua na rubela, ila haina matumbwitumbwi. Tetekuwanga mara nyingi haimo kabisa. Matone ya polio yaliyotolewa kuanzia Aprili 2016 hayahesabiwi, sindano ndiyo. Hapo dawa ni kuchanjwa: mtoto akishapata dozi anazodaiwa, shule humpokea kwa masharti huku akisubiri zinazofuata.

Jambo dogo linalosumbua sana ni tarehe. Kadi ikisema 05/09, wewe unasoma tarehe tano Septemba. Karani wa Marekani anasoma Mei tisa, na dozi halali inaweza kuonekana imetolewa mapema mno. Kadi yenyewe usiiguse. Toa nakala, andika pembeni jina la kila mwezi kwa herufi, na umwonyeshe karani kabla hajaingiza chochote kwenye kompyuta.