Kurejesha Vipindi vya Televisheni Vilivyopotea: Mwongozo kwa Watumishi wa Kumbukumbu za Utangazaji

Vipindi vingi vya televisheni vinavyohesabiwa kuwa vimepotea havikuangamia kwa moto wala kwa mafuriko. Viliondolewa rafuni na mtumishi aliyekuwa akitekeleza agizo, vikafutwa ili kanda itumike tena, au vikapelekwa kituo kingine na ufuatiliaji ukakomea hapo. Kwa hiyo kazi ya kuvirejesha huanza kwa kuuelewa uamuzi uliovipoteza. Uamuzi wa kikazi huacha karatasi, na mtafutaji makini huanzia kwenye karatasi hizo.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha BBC ya Uingereza. Kanda ya video ya inchi mbili, iliyoingia sokoni mwaka 1956 kupitia kampuni ya Ampex, ilikuwa ghali na iliweza kufutwa na kurekodiwa upya. Ghala lilikuwa finyu. Picha za rangi zilipokuja, vipindi vya rangi nyeusi na nyeupe vilionekana kuwa vimepitwa na wakati. Juu ya hayo, makubaliano na vyama vya waigizaji na wanamuziki yaliweka mipaka ya kurudia kipindi: idhini ikiisha muda wake, kukirusha tena kulihitaji mazungumzo na malipo mapya. Kipindi kisichoweza kurushwa kilihesabiwa kuwa mzigo, na kanda yake ikafutwa. Ndivyo ilivyotokea kwamba mwanzoni mwa mwaka 2013, kati ya sehemu 253 za tamthilia ya Doctor Who zilizorushwa kuanzia 1963 hadi 1969, sehemu 106 hazikuwamo katika hifadhi ya shirika hilo.

Suala la makubaliano ya wasanii linastahili uzito kuliko linaopewa kwa kawaida. Vyama vile vilikuwa vikilinda riziki ya wanachama wao, na vilikuwa na haki ya kufanya hivyo. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kipindi kisicho na idhini ya kurushwa leo hakitahitajika kamwe. Anayetaka kurejesha vipindi hivyo kwa watazamaji atakutana na suala lilelile la haki, na akiliahirisha hadi mwisho atakuwa na makopo ya filamu asiyoweza kuyaonyesha kihalali.

Kanda asilia zilifutwa, lakini nakala zilikuwa zimekwisha kusafiri. Ili kuuza vipindi nje, BBC iliviweka kwenye filamu ya milimita 16 kwa kupiga picha kioo cha televisheni kipindi kikiendelea kuonyeshwa. Filamu hizo zilinunuliwa na vituo vya nchi nyingi, zikiwamo Nigeria, Zambia, Kenya na Uganda. Masharti ya mauzo yalikitaka kituo, muda wake ukiisha, kirudishe filamu, kiiteketeze na kutoa hati ya uthibitisho, au kiipeleke kwa mnunuzi mwingine. Msururu huo wa kupokezana ndio uliotawanya nakala katika mabara kadhaa, na ndio unaomfanya mtumishi wa ghala la Nairobi au Kampala kuwa mhusika kamili katika kazi hii. Hatakiwi kuichukulia kuwa shughuli ya watu wa London peke yao.

Umri wa kituo hudokeza kinachoweza kupatikana ndani yake. Kenya ilianza matangazo ya televisheni mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963. Katika maghala ya enzi hiyo hutarajiwa filamu za milimita 16 na kanda pana za inchi mbili. Zanzibar ilianza moja kwa moja na picha za rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Tanzania Bara ilipata televisheni miaka ya 1990, wakati kanda za kasha zilikuwa zimekwisha kuenea, hivyo ni U-matic, Betacam na VHS zinazotazamiwa kutawala rafu. Kujua hivyo mapema huepusha safari zisizo na mashine inayohitajika.

Upekuzi wa karatasi uende kwa mpangilio. Mikataba ya ununuzi huonyesha kilichoagizwa. Hati za usafirishaji na za forodha huonyesha kilichofika. Daftari la matangazo, pamoja na ratiba zilizochapwa magazetini, huonyesha kilichorushwa na tarehe yake. Hati ya kuteketeza isomwe kwa tahadhari. Inathibitisha kwamba mtu alitia sahihi, na mara nyingi haithibitishi zaidi ya hapo. Filamu zilizoandikwa kuwa zimechomwa zimewahi kuonekana salama, ama kwa sababu aliyeagizwa kuzichoma hakufika nazo kwenye tanuri, ama kwa sababu aliona ni hasara kuziharibu.

Mwaka 2013 mtafutaji Philip Morris alitangaza matokeo ya msako wake nchini Nigeria. Katika kituo kidogo cha kurushia matangazo mjini Jos, filamu za Doctor Who zilikuwa kwenye rafu ya chumba cha stoo. Kati yake, sehemu 9 hazikuwa zimeonekana tangu zilipopotea. Zilitoka katika visa viwili vya mwaka 1967 na 1968, The Enemy of the World na The Web of Fear. Nigeria haikuwa ngeni katika jambo hili, kwani filamu za tamthilia hiyohiyo zilikwisha kurejeshwa kutoka huko katikati ya miaka ya 1980. Wengi wangeweza kudhani kwamba kilichobaki kilikuwa kimekwisha kuchukuliwa. Kwa hiyo jibu la makao makuu kwamba "hakuna kitu" halifungi jalada. Vituo vya mikoani, mitambo ya milimani, vyuo vya mafunzo na ofisi zilizohamishwa vikaguliwe kimoja kimoja, na ukaguzi uandikwe hata pale ambapo hakikupatikana kitu.

Kisa cha Jos kina upande mchungu pia. Sehemu ya tatu ya The Web of Fear haikurudi pamoja na nyingine. Kwa maelezo ya Morris mwenyewe, filamu hiyo ilikuwapo alipozigundua, na ilitoweka kabla ya makabidhiano kukamilika. Hakuna jambo katika mwongozo huu lililo la dharura kuliko hili: siku ileile makopo yanapoonekana, yahesabiwe, yapigwe picha, lebo zake zinakiliwe herufi kwa herufi, orodha itiwe sahihi na mtafutaji pamoja na msimamizi wa ghala, na makopo yafungwe mahali penye ufunguo unaojulikana uko kwa nani. Habari zisitangazwe kabla ya makabidhiano. Tangazo la mapema huvipa vitu hivyo bei sokoni, na bei huamsha mikono isiyo na nia njema.

Baada ya karatasi huja watu. Mafundi wastaafu, waongozaji wa vipindi, wapiga picha na familia zao ndio wanaojua ghala lilihamishwa lini na gari lilielekea wapi. Mwaka 2011 nchini Uingereza, sehemu mbili za Doctor Who zilizopotea zilitambuliwa katika mkusanyiko wa fundi mstaafu wa televisheni aliyekuwa amezinunua katika mauzo ya hisani ya shule, bila kujua kwamba hakukuwa na nakala nyingine. Mtu wa namna hiyo huja iwapo ana hakika hatashtakiwa wala kunyang'anywa. Utaratibu unaofaa ni barua ya makubaliano inayoeleza kwamba filamu inaazimwa ili inakiliwe, itarudishwa kwa mwenyewe, na mchango wake utatambuliwa iwapo atapenda. Taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, kupitia maonyesho yake ya Missing Believed Wiped yaliyoanza mwaka 1993, imejenga imani ya wakusanyaji kwa miaka mingi. Ahadi moja iliyovunjwa ingetosha kuwarudisha mafichoni.

Rekodi za nyumbani nazo zisidharauliwe. Sauti za sehemu zote za Doctor Who zilizopotea zipo, kwa sababu watazamaji vijana waliweka kinasa sauti mbele ya televisheni zao. Afrika Mashariki, ambako familia nyingi zilirekodi vipindi kwa VHS, kituo kinachokosa sehemu za michezo yake ya zamani hakipaswi kuona aibu kuwauliza watazamaji wake. Nakala yenye mikwaruzo na matangazo ya biashara katikati ina thamani kuliko rafu tupu.

Kuhusu kushika na kunakili, kanuni ya kwanza ni kutochezesha chochote kwa haraka. Filamu inayotoa harufu ya siki imeanza kuoza kikemikali. Itengwe na nyingine, iwekwe mahali pakavu na pa baridi, na inakiliwe kwanza. Kanda ya sumaku iliyofyonza unyevu hunata, na ikilazimishwa kupita kwenye mashine huacha tabaka lake la picha kwenye vichwa vya kusomea. Wataalamu huikausha kwa joto dogo la nyuzi 50 hivi za Selsiasi kwa saa nyingi, na nafuu hiyo ni ya muda tu, hivyo mashine iwe tayari kabla ya kanda kutoka kwenye kikaushio. Jiko la nyumbani lisitumike kwa hali yoyote. Katika maghala ya pwani ukungu ni adui wa kila siku: atakayefungua makasha avae barakoa na glavu, na kanda zenye ukungu zisichanganywe na safi.

Mashine nazo zinapungua. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, IASA, walitoa tahadhari kwamba ifikapo mwaka 2025 vifaa vya kuchezea kanda za sumaku vingekuwa adimu mno. Mwaka huo umekwisha kupita. Kituo chenye mashine ya U-matic au Betacam inayofanya kazi kiihesabu kuwa mali ya hifadhi, pamoja na vipuri vyake na fundi anayeijua. Kumwachia fundi huyo astaafu bila kumkabidhi mwanafunzi ni uzembe wa uongozi.

Nakala ya dijitali itengenezwe kwa ubora kamili bila mbano unaopoteza taarifa. Hifadhi nyingi sasa hutumia usimbaji wa FFV1 ndani ya faili la Matroska kwa kazi hiyo. Ziwepo nakala zisizopungua mbili katika majengo tofauti, kila faili likiwa na namba ya uhakiki inayokaguliwa kwa vipindi maalumu. Kanda au filamu asilia isitupwe baada ya kunakiliwa. NASA yenyewe ilizifuta na kuzitumia tena kanda zinazoaminika kubeba picha asilia za kutua mwezini mwaka 1969, na mwaka 2009 ikalazimika kuboresha nakala za matangazo zilizobaki kwingineko.

Ukarabati una maadili yake. Teknolojia ya leo inaweza mengi: mwaka 2008 sehemu moja ya kipindi cha vichekesho cha BBC kiitwacho Dad's Army iliyobaki kwenye filamu ya rangi nyeusi na nyeupe ilirushwa ikiwa na rangi zake za awali, zilizosomwa kutokana na alama ndogo mno zilizonaswa kwenye filamu. Mwaka 2006 sehemu mbili zilizokosekana za kisa cha Doctor Who kiitwacho The Invasion zilijazwa kwa vibonzo juu ya sauti ya asili. Kazi zote mbili ni halali kwa sababu mtazamaji alielezwa anachokiona. Nakala ghafi ihifadhiwe bila kuguswa, kila badiliko liandikwe, na picha iliyobuniwa isipitishwe kama picha iliyopatikana. Vivyo hivyo, maneno au mandhari yanayoudhi leo yasikatwe kimyakimya; maelezo mafupi mwanzoni yanatosha.

Haki ndizo huamua kama kipindi kitaonekana. Kuwa na kanda si kuwa na hakimiliki. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inailinda kazi ya sauti na picha kwa miaka 50, ikihesabiwa kuanzia mwisho wa mwaka ilipotengenezwa, ilipotolewa kwa umma au ilipochapishwa mara ya kwanza, kwa kufuata tarehe ya mwisho kati ya hizo. Ndani ya kipindi kimoja mna hati ya mchezo, muziki, uigizaji na matangazo yenyewe, na kila kimoja chaweza kuwa na mwenyewe. Mamlaka za hakimiliki, yaani KECOBO nchini Kenya na COSOTA Tanzania Bara, zishirikishwe mapema. Mkataba wa Beijing wa mwaka 2012, ulioanza kutumika mwaka 2020, umeimarisha haki za waigizaji katika kazi za aina hii. Waigizaji wengi wa zamani walilipwa kwa kila kipindi, bila maandishi yanayogusa marudio wala intaneti. Pale ambapo mkataba hauonekani, kimya chake kisitafsiriwe kuwa idhini. Warithi watafutwe, juhudi za kuwatafuta ziwekwe kwenye jalada kwa tarehe, na fungu la malipo litengwe hata kama mwenye haki hajapatikana bado. Picha za habari zenye watoto, majeruhi au washtakiwa zipitiwe na mtu mwenye mamlaka ya kuzizuia.

Mahali palipotunza kipindi pana deni la kulipwa. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba tamthilia zaidi ya 60 za Uingereza zilizopotea zilikuwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani, na nakala zikapelekwa BFI. Huo ndio mwelekeo ufaao kwa hifadhi za Afrika pia: kituo kilichokihifadhi kipindi kwa miaka 40 kipate nakala iliyokarabatiwa, kitajwe kwa jina katika utangulizi wa onyesho, na makubaliano yaseme waziwazi ni nani anayegharimia uhamishaji na mafunzo ya mafundi wa hapo.

Kazi ya mwaka ikifungwa, kila kituo kitoe hadharani orodha ya vipindi vyake ambavyo bado havijaonekana, kwa jina la kipindi, namba ya sehemu, tarehe ya kurushwa na aina ya kanda au filamu, pamoja na jina la ofisi ya kupokea taarifa. Orodha ibandikwe pia kwenye mbao za matangazo za vituo vya mikoani na isomwe hewani. Aliye na kopo lenye kutu chini ya ngazi za nyumba yake hawezi kujua kwamba linatafutwa hadi asikie jina lililoandikwa juu ya kifuniko chake.